Funza wa Nzi Askari na Chakula cha Kinyonga: Majibu kwa Maswali Yenu

Katika mwaka uliopita sharika kadhaa za dayosisi yetu zimeanza kufuga funza wa nzi askari mweusi kwa ajili ya chakula cha kuku. Tangu kazi hiyo ianze ofisi ya miradi imepokea maswali mengi, na mengine hatukuyategemea kabisa. Familia moja ya usharika rafiki ng'ambo, iliyochangia ndoo na nyavu za mradi huu, ilituandikia kwamba funza hao hao wanauzwa katika duka la wanyama la mjini kwao, nao huwanunua kumlishia kinyonga wao. Walituuliza kama vinyonga wa huku kwetu nao huwala. Barua hiyo ilisomwa katika kikao cha kamati, na wajumbe wakacheka sana, maana kwa wengi wetu kinyonga ni wa kukimbiwa, si wa kuwekwa sebuleni na kununuliwa chakula.

Wiki tatu baadaye hatukucheka tena. Kijana mmoja wa mtaa wa milimani alifika ofisini akiwa na ndoo yenye mfuniko uliotobolewa matundu. Ndani mlikuwa na vinyonga sita. Habari za barua zilikuwa zimemfikia, na mtu aliyekutana naye sokoni alikuwa amemwahidi fedha kwa kila kinyonga mwenye pembe. Shida yake ilikuwa moja tu: tumwuzie funza wa kuwalisha mpaka mnunuzi arudi. Tulimwita afisa wanyamapori wa wilaya, tukaongozana na kijana hadi msituni, na vinyonga wakarudishwa kwenye vichaka walikotolewa. Hakuna aliyefungwa, lakini tuliona tunadaiwa maelezo na pande zote mbili, yaani wafadhili waliouliza kwa nia njema na kamati ambazo zimeanza kuhisi kuna biashara hapa.

Tuanze na vinyonga wenyewe

Milima ya Usambara ina aina nyingi za vinyonga, na baadhi yao hawajulikani kuishi mahali pengine popote duniani. Yule ambaye dume lake lina pembe tatu alielezwa kisayansi mwaka 1892 na Mjerumani Paul Matschie, akapewa jina linalotokana na Derema, Usambara Mashariki. Mwaka 2006 wataalamu walipowatenga vinyonga kadhaa wa milima ya Afrika Mashariki katika kundi lao, walilipa kundi hilo jina la Kinyongia, kutokana na neno letu la Kiswahili. Kwa hiyo mtu anayefuga mnyama huyu Berlin au Chicago huenda anatamka Kiswahili kila siku bila kujua.

Umaarufu huo umewagharimu. Kwa miaka mingi vinyonga wa Tanzania walikamatwa porini na kusafirishwa kwenda Marekani na Ulaya kuuzwa kwa wafugaji. Mwezi Machi 2016 Serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi. Mwaka 2022 ilitangazwa ruhusa ya muda kwa wafanyabiashara kumalizia wanyama waliobaki mikononi mwao, lakini wananchi wakapiga kelele na ruhusa hiyo ikasitishwa. Aidha, vinyonga wetu wamo katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa CITES, ambao unataka kila anayevushwa mpaka awe na kibali. Na hapa nchini, kukamata mnyamapori bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, hata kama mnyama mwenyewe ana urefu wa kidole.

Wanaodhani haya ni maneno ya makaratasi wakumbuke yaliyotokea Vienna. Mwezi Januari 2021 serikali ya Austria ilitangaza kwamba maofisa wa forodha wa uwanja wa ndege wa mji huo wamekamata vinyonga 74 kutoka Usambara katika mzigo wa abiria aliyetoka Tanzania kupitia Ethiopia. Walikuwa wamefichwa ndani ya soksi na makopo matupu ya aiskrimu. Watatu hawakupona. Waliosalia walipelekwa kutunzwa katika bustani ya wanyama ya Schönbrunn.

Familia iliyotuandikia haihusiki na mambo haya, na tunapenda kulisema hilo wazi. Walitueleza kwamba kinyonga wao ni wa ile aina ya Yemen yenye kofia ndefu kichwani, na kwamba amezaliwa mikononi mwa mfugaji. Aina hiyo, pamoja na kinyonga chui wa Madagaska, huzalishwa kwa wingi katika nyumba za wafugaji, na ndiyo inayofaa kwa mtu anayetaka kufuga bila kupunguza waliopo porini. Swali lao ni la haki na linastahili jibu.

Matege ya kinyonga

Mama yeyote aliyewahi kupeleka mtoto kliniki anaujua ugonjwa wa matege. Mifupa inakosa madini ya chokaa, yaani kalsiamu, inalainika na kupinda. Kinyonga wa kufugwa naye hupata ugonjwa wa namna hiyo, nao ni miongoni mwa maradhi yanayowatesa sana wanyama hawa nje ya makazi yao. Miguu inapinda, taya linalegea kama mpira, mnyama anashindwa kushika tawi. Kisha ulimi unakataa kutoka. Ulimi wa kinyonga, ambao kwa kawaida huruka mbali kupita urefu wa mwili wake, hurushwa kwa nguvu ya misuli, na misuli bila kalsiamu haifanyi kazi. Mnyama anamwona mdudu mbele yake, anafungua kinywa, na hakuna kinachotokea. Anakufa njaa huku chakula kikitembea mbele ya macho yake.

Chanzo mara nyingi ni chakula. Porini kinyonga hula nzi, panzi, vipepeo, buibui, nyuki na kila kinachopita, huku akiota jua. Nyumbani hula nyenje leo, nyenje kesho, nyenje mwezi mzima, kwa sababu nyenje ndio wanaofugwa kwa urahisi na kuuzwa madukani. Nyenje ni chakula kizuri cha protini, ila madini yake hayana uwiano. Mwili unahitaji kalsiamu iizidi fosforasi kidogo, au walau ziwe sawa. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2002 na mtaalamu wa lishe wa Marekani, Mark Finke, vilionyesha kwamba kwa nyenje fosforasi inaizidi kalsiamu karibu mara saba. Ndiyo maana wafugaji huwapaka nyenje unga wa chokaa kabla ya kuwatoa kwa kinyonga. Nyenje naye hujisafisha, na akichelewa kuliwa unga mwingi huishia sakafuni.

Funza anayebeba chokaa yake

Hapa ndipo funza wetu anapoingia. Tuseme kwanza kwamba huyu si yule funza wa kuingia kwenye vidole vya miguu. Ni buu la nzi mweusi, na wengi wenu mmekwisha kumwona chooni au kwenye rundo la maganda ya kahawa bila kujua jina lake. Asili yake ni bara la Amerika, lakini leo ameenea karibu nchi zote za joto.

Funza huyu hutofautiana na wadudu wengine wa chakula kwa ngozi yake. Anapokula, huhifadhi kalsiamu ndani ya ngozi yenyewe katika hali ya chokaa, na ndiyo sababu mkimshika mnamwona mgumu kuliko funza wa nzi wa kawaida. Katika vipimo vya Finke vya mwaka 2013 funza hawa walikuwa na kalsiamu zaidi ya mara mbili ya fosforasi. Hawahitaji kupakwa unga wowote. Kwa mfugaji wa kinyonga hii ni nafuu kubwa, na maduka ya Marekani na Ulaya yamekuwa yakiwauza kwa majina mbalimbali ya kibiashara, mengine yakitaja hiyo kalsiamu waziwazi.

Pamoja na sifa hizo, zipo tahadhari tatu ambazo muuzaji huenda asizitaje.

Kwanza, kalsiamu ya funza hutoka katika kile alichokula. Aliyelelewa kwa chakula cha kuku wa mayai, ambacho kimeongezwa chokaa, atakuwa tofauti na aliyelelewa kwa maganda ya ndizi matupu. Wanafanana kwa macho, lakini hawafanani kwa madini. Anayefuga funza wake mwenyewe nyumbani asidhani kwamba jina la funza peke yake linatosha.

Pili, ngozi hiyo hiyo yenye chokaa ni ngumu kuyeyushwa tumboni. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti kuhusu chura mkubwa wa visiwa vya Dominica na Montserrat, ambaye humeza chakula chake kizimakizima. Alipopewa funza wazima, wengi walipita tumboni wakatoka kama walivyoingia. Funza walipopondwa kwanza, kalsiamu iliyoingia mwilini iliongezeka karibu mara mbili. Kinyonga ana heri kuliko chura, kwa kuwa ana meno na hutafuna, lakini kinyonga mkubwa akipewa funza mdogo sana anaweza kummeza bila kumtafuna. Kwa sababu hiyo mfugaji achague funza wa ukubwa unaomlazimisha mnyama wake kutafuna, bila kupita upana wa nafasi iliyo kati ya macho yake mawili. Akiwaona funza wazima kwenye kinyesi, ajue kwamba fedha yake inapita tu.

Tatu, funza ana mafuta mengi, takriban theluthi moja ya uzito wake akikaushwa. Kinyonga wa kufugwa hatembei sana, na unene humdhuru kama unavyotudhuru sisi tunaokaa ofisini. Funza awe sehemu ya mlo pamoja na nyenje, panzi, mende wa kufugwa na wengineo, wala asiwe mlo mzima.

Hata funza aliye bora hamponyi mnyama anayekaa gizani. Kalsiamu haiingii mwilini bila vitamini D, na kinyonga huitengeneza vitamini hiyo kwa mionzi ya jua, ile isiyopita kwenye kioo cha dirisha. Ndiyo maana wafugaji wa nchi za baridi hulazimika kununua taa maalumu na kuibadilisha kila baada ya muda, kwa sababu mionzi hupungua ingawa taa bado inawaka. Vilevile kinyonga hajui kunywa katika bakuli, hulamba matone kwenye majani. Tumeyataja haya kwa sababu tumeona katika barua mbalimbali jinsi watu wanavyotafuta chakula kimoja cha kumaliza matatizo yote. Hata kwa kuku wenu tumeliona hilo.

Nzi mwenyewe

Familia ile iliuliza juu ya funza tu. Kwa maoni yetu sehemu yenye kuvutia zaidi ni nzi.

Funza akikomaa hubadilika rangi kutoka maziwa hadi kahawia nzito, huacha kula, na kutambaa kwenda kutafuta mahali pakavu. Kinyonga huwa hampendi tena wakati huo, maana amekuwa mgumu na hachezichezi sana. Wafugaji wengi huwatupa. Wasiwatupe. Wawaweke katika chupa pana yenye pumba kavu au vumbi la mbao, waifunike kwa kitambaa, waiache mahali penye joto. Baada ya wiki mbili hivi, au zaidi kidogo kukiwa na baridi, watatoka nzi weusi wembamba wanaofanana na nyigu, wenye miguu iliyopauka mwishoni na sehemu mbili angavu kama vidirisha kiunoni. Hawaumi wala hawana mwiba. Hawavamii chakula mezani, kwa kuwa hutumia akiba ya mafuta waliyojiwekea wakiwa funza na kuhitaji maji tu kwa sehemu kubwa. Maisha yao ni wiki moja au mbili, kupandana, kutaga na kufa.

Kwa kinyonga nzi huyu ni chakula na pia ni mazoezi. Nzi huruka kwenda kwenye mwanga, na kinyonga naye hupenda kukaa juu karibu na taa, hivyo wanakutana. Si mwepesi kama nzi wa nyumbani. Hutua na kutembea polepole, na mnyama ana muda wa kuzungusha macho, kupima na kurusha ulimi. Mnyama aliyechoka kula kwenye kikombe mara nyingi huamka akimwona nzi anaruka. Ila kumbukeni kwamba nzi hana ile hazina ya chokaa. Sehemu kubwa ameiacha katika ganda alilotokea. Kwa hiyo nzi apakwe unga wa chokaa kama nyenje, na asichukuliwe kuwa badala ya funza.

Na hili ndilo jibu letu kwa swali la familia ile. Kinyonga wa porini hukutana na funza kwa nadra, kwa sababu funza huchukia mwanga na huishi amezama ndani ya uozo. Nzi ni habari nyingine. Katika usharika wetu mmoja kuna ua wa mchongoma kando ya shimo la mboji, na siku tuliyokwenda kukagua mradi tulimkuta kinyonga ametulia hapo akidaka nzi askari mmoja baada ya mwingine. Mzee wa kanisa aliyetuongoza alitaka kumfukuza kwa fimbo. Tulimwomba amwache. Kinyonga hana sumu, na kwa kazi ya kupunguza wadudu ni mfanyakazi asiyedai posho.

Namna ya kuwatunza

Kwa wanaonunua funza wachache dukani, kazi ni ndogo. Wawekwe mahali pa ubaridi wa wastani, lakini si kwenye jokofu lenye baridi kali. Ubaridi huwafanya wazubae wasikue, na wanaweza kukaa hivyo wiki kadhaa bila kulishwa. Wakati wa kumpa kinyonga, watiwe kwenye kikombe chenye kuta laini na kirefu kiasi. Kikombe kiwe kikavu kabisa. Funza mkavu hawezi kupanda ukuta laini, bali funza aliyelowa hugandama na kupanda mpaka juu na kutoka.

Hilo la mwisho tulijifunza kwa aibu. Mwaka wa kwanza wa mradi tulijaza ndoo moja ya majaribio mabaki ya matunda yenye maji mengi, tukaiacha barazani usiku. Asubuhi ndoo ilikuwa karibu tupu, na funza walikuwa wametapakaa mpaka chini ya mlango wa mhasibu. Kuku wa jirani walifika kabla yetu na kumaliza kazi.

Kwa anayetaka kuzalisha, jike hutaga mayai mia kadhaa kwa mkupuo mmoja, katika nyufa kavu karibu na uozo, wala si ndani yake. Vipande vya mbao vilivyofungwa pamoja na kuwekwa juu ya ndoo vinatosha. Mayai huanguliwa baada ya siku nne hivi, na funza hula kwa muda wa wiki mbili kukiwa na joto zuri. Nzi hupandana kwenye mwanga wa jua, kwa hiyo chumba cha giza hakifai. Sharika za Korogwe na Muheza hazina tatizo. Sharika za Lushoto na Mlalo zijiandae kwa mavuno madogo miezi ya Juni na Julai, maana funza huzubaa kwa baridi.

Je, tunaweza kuuza ng'ambo?

Hili ndilo swali ambalo kamati nyingi zimeuliza kwa sauti ya chini. Kwa sasa jibu letu ni hapana. Nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu wadudu wanaofugwa kwa ajili ya chakula cha wanyama walishwe samadi wala mabaki ya jikoni, na hivyo ndivyo vitu tunavyotumia sisi. Aidha funza hai hawastahimili safari ndefu ya joto, na huko tayari wako wafugaji wanaowazalisha karibu na wateja. Kamati inayopanga bajeti kwa kutegemea soko hilo itajikuta na funza wengi na deni.

Soko letu liko uani. Mfuko wa chakula cha kuku unapopanda bei, funza wanapunguza gharama ya protini, na kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kilichopo Nairobi kimefanya kazi nyingi kuthibitisha jambo hilo kwa kuku na samaki. Kinachobaki baada ya funza kula ni mbolea kwa bustani za akina mama.

Yule kijana wa ndoo ameomba kujiunga na kikundi cha mtaa wake. Alipewa mayai ya kuanzia mwezi uliopita na tumeambiwa mavuno ya kwanza yametoka, ingawa mengine yalipanda ukuta. Sharika zinazohitaji mayai ya nzi kwa robo hii zilete ofisi ya miradi jina la mhusika wa kikundi pamoja na ndoo yenye mfuniko wa wavu. Ndoo iwe kavu.